Mtaa uliokoma kutoa maji: kisa cha 2nd Avenue NW, Seattle

Mwishoni mwa kipande cha barabara kiitwacho 2nd Avenue NW, kaskazini mwa jiji la Seattle nchini Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walifunga kipimo cha maji. Kazi yake ilikuwa moja: kuhesabu maji ya mvua yanayotoka mtaani humo kuelekea kijitoni. Desemba 2002 kipimo kiliandika maji. Baada ya hapo miezi ikapita, mvua za msimu wa baridi zikanyesha zikaisha, na kipimo hakikuandika kitu. Tarehe 20 Oktoba 2003 uwanja wa ndege wa Sea-Tac, kusini mwa jiji, ulipima mvua ya milimita 127 kwa siku moja, nyingi kuliko siku yoyote iliyowahi kuandikwa pale. Kipimo cha 2nd Avenue kikabaki kikavu.

Kisa hiki nimekisoma na kukirudia mara nyingi, na nakiandika kwa sababu kila masika yanapokaribia naulizwa swali lilelile na watu wanaojenga: mtaro uwe na upana gani? Ni swali la haki, lakini limekwisha kukubali tangu mwanzo kwamba maji lazima yatoke kiwanjani, na yatoke haraka. Watu wa Seattle walianza na swali la nyuma yake. Kwa nini yatoke?

Mtaa ulivyokuwa

Sehemu hiyo ya jiji iliingizwa ndani ya mipaka ya Seattle mwaka 1954. Barabara zake zilikuwa za kijijini kidogo: lami katikati, pembeni majani na kokoto, hakuna njia ya waenda kwa miguu, hakuna kingo za zege, na bomba la maji ya mvua halikuwepo au lilikuwa la kuokoteza. Mvua ikinyesha, maji yanafuata ukingo wa lami, yanaingia kwenye mfereji, kisha yanateremka hadi Pipers Creek, kijito kinachopita katika korongo la Carkeek Park na kumwaga kwenye ghuba ya Puget Sound.

Kabla ya nyumba palikuwa na msitu. Katika msitu ule sehemu ya mvua hunaswa na majani na kurudi hewani bila kugusa ardhi, na inayofika chini huingia kwenye matandazo na udongo laini wenye mizizi, kisha hujipenyeza polepole kwa siku na wiki mpaka kijitoni. Maji yanayotiririka juu ya ardhi ni machache sana. Ondoa msitu, weka paa na lami, na hata mvua ya rasharasha inakuwa mto mdogo ndani ya dakika chache. Kijito kilichozoea kulishwa taratibu kinapigwa na maji mara kadhaa kwa mwezi. Kingo zinamomonyoka, mchanga unafunika mayai ya samoni yaliyotagwa kwenye changarawe.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tunalipita, hata tuliosomea kazi hii. Dawa ya kawaida ya mafuriko ni kujenga bwawa la kuzuia maji kwa muda, halafu kuyaachia kidogo kidogo. Bwawa linapunguza kasi ya kilele, na hilo lina faida yake. Lakini halipunguzi wingi. Lita zilezile zitapita kijitoni, ila sasa zitapita kwa saa nyingi zaidi, na kingo za udongo zinaendelea kuliwa kwa muda mrefu zaidi. Ukitaka kijito kipone, lazima sehemu ya yale maji isifike kabisa. Ibaki kiwanjani, inywewe na udongo, irudi hewani kupitia majani, au iwekwe kwenye tangi itumike.

Walichobadilisha

Wakazi walitaka barabara iliyotengenezwa vizuri na mahali pa kutembea. Jibu la kawaida la jiji lingekuwa kupanua, kuweka ukingo wa zege kila upande, kuchimba chemba na kulaza mabomba. Badala yake idara ya maji ya jiji na idara ya barabara zilichagua kipande hicho, chenye urefu wa mita 200 hivi, kiwe cha majaribio. Walikiita SEA Street, kifupi cha maneno yenye maana ya njia nyingine ya kutengeneza kingo za barabara. Kazi ilikamilika mwaka 2001.

Eneo la umma kati ya nyumba za upande huu na za upande ule lilikuwa na upana wa mita 18. Ndani yake lami ilikuwa ya mita 7.6. Wakaipunguza hadi mita 4.3, wakaiacha ifike mita 5.5 kwenye makutano ili gari la zimamoto ligeuke bila shida. Watu wa zimamoto walishirikishwa kabla ya mchoro kukamilika, na nasisitiza hilo, kwa sababu barabara nyembamba hufa mezani pale wanapoletewa mchoro uliokwisha kupigwa muhuri. Njia ya miguu iliwekwa upande mmoja tu. Maegesho yakakusanywa mahali pachache badala ya kutandazwa kando ya barabara yote. Na barabara yenyewe haikunyooka tena, ilipindapinda kama nyoka. Kupinda huko kunapunguza mwendo wa magari, lakini kazi yake kubwa ni nyingine: kila mpindo unaacha nafasi pana upande mmoja, na nafasi hiyo ndiyo iliyotafutwa.

Tuangalie ukingo wa lami kwa karibu, maana siri ya nusu ya kazi iko hapo. Ukingo wa zege wa kawaida umesimama kama kidevu, sentimita 15 juu ya lami. Maji yakifika yanakatazwa kutoka, yanakimbia kando yake hadi kwenye tundu la chemba. Pale 2nd Avenue ukingo ni mkanda wa zege uliolala sawa na lami. Gari linaweza kuupanda bila kugonga kitu. Maji yanauvuka popote, kwa kitandazo chembamba kisicho na nguvu, na hatua moja baadaye yako kwenye mimea. Hayakupewa nafasi ya kujikusanya yakawa mkondo.

Upande wa pili wa mkanda huo kuna vibonde. Si mtaro. Mtaro ni chombo cha kusafirisha, una mteremko mmoja na sakafu laini ili maji yakimbie. Kibonde kina tumbo. Maji yanashuka ndani yake yanatulia, na yakizidi yanapita juu ya kikuta kifupi au kwenye kalavati ndogo kwenda kibonde kinachofuata. Mvua ndogo huishia kibonde cha kwanza, ya kati huamsha vitatu vinne, na mvua kubwa tu ndiyo inayosafiri mtaa mzima. Udongo wa ndani ulichimbwa na kuchanganywa na mboji, maana udongo wa asili sehemu nyingi za Seattle ulishindiliwa na barafu ya zamani na ni mgumu kunywa maji. Juu yake wakapanda miti zaidi ya 100 isiyopukutisha majani na vichaka 1,100. Kuchagua miti isiyopukutisha kulikuwa na maana: mvua za Seattle huja wakati wa baridi, na mti uliobaki vijiti hauwezi kunasa tone.

Kuna sehemu ambazo vibonde viliwekewa tandiko lisilopitisha maji chini yake. Baadhi ya nyumba za pale zina vyumba chini ya ardhi, na hakuna mwenye nyumba atakayeshukuru kwa kijito kilichopona huku ukuta wake wa chini unatoa jasho. Wahandisi walikubali kupoteza unywaji wa udongo mahali hapo. Mimi naona huo ni uamuzi wa watu wazima.

Asilimia 11 na asilimia 98

Sasa hesabu, na hapa ndipo kisa kinaponifanya nisimame. Eneo lote linalomwaga maji kwenye kipande hicho, barabara na viwanja pamoja, ni hekta 0.93. Mvua ya milimita 25 ikianguka juu yake ni lita 232,500, sawa na maboza 23 ya lita elfu 10 na kitu. Sehemu kubwa ya hizo kwenye mtaa wa kawaida wenye mabomba ingekuwa kijitoni kabla ya chai kupoa.

Timu ya Richard Horner wa Chuo Kikuu cha Washington ilipima mtaa kabla na baada ya ujenzi. Matokeo ya mwanzo yalionyesha kwamba msimu wa kiangazi hakuna maji yaliyotoka, na msimu wa mvua mtaa ulizuia asilimia 98. Miaka iliyofuata ikawa bora zaidi, hadi ile rekodi ya ukavu kuanzia Desemba 2002.

Lakini angalia sehemu ngumu kwa jumla, si upana wa lami peke yake, ilipungua kiasi gani. Sehemu isiyopitisha maji ilikuwa pungufu kwa asilimia 11 tu ukilinganisha na barabara ya kawaida ambayo ingejengwa pale. Kumi na moja! Mtu akitangaza kwamba wingi wa maji hupungua kwa uwiano wa zege iliyoondolewa, kisa hiki kinamkatalia. Lami iliyoondolewa ilitoa nafasi, basi. Kazi ilifanywa na kile kilichowekwa kwenye nafasi hiyo, pamoja na ule mkanda uliolazwa chini. Lami ya mita 4.3 bado ni lami, mvua ikiipiga inatiririka yote, ila haikuunganishwa na bomba. Paa lililobaki ni paa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba kati ya kila sehemu ngumu na kijito kuna sehemu laini inayopaswa kushiba kwanza.

Wahandisi wa maji ya mvua wanatenganisha mambo mawili: eneo gumu kwa jumla, na eneo gumu lililoungana moja kwa moja na mfumo wa kutoa maji. La pili ndilo linalojaza mto. Viwanja viwili vyenye zege sawa kwa mita za mraba vinaweza kutofautiana kabisa kwa maji vinavyotoa, kwa sababu tu kimoja bomba lake la paa linaingia chemba na kingine linamwaga bustanini.

Na kwa nini matokeo yalizidi kuwa mazuri badala ya kuchakaa? Mabomba yakilazwa leo, leo ndiyo siku yake bora. Kesho yataanza kujaa mchanga. Kibonde chenye mimea huenda kinyume. Mizizi inashuka, inakufa, inaacha vijia, minyoo inafungua udongo, majani ya miti yanatanuka. Niseme pia, ili tusidanganyane, kwamba mvua ile ya Oktoba 2003 iliangukia udongo uliotoka kwenye kiangazi, na kiangazi cha Seattle ni kikavu. Vibonde vilikuwa na kiu. Mvua hiyohiyo ingekuja baada ya wiki tatu za mvua mfululizo, kipimo kingeweza kuwa na la kuandika.

Fedha, na mtaa mwingine uliofuata

Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, lililinganisha gharama katika ripoti ya mwaka 2007. Kujenga kipande hicho kwa njia ya kawaida kungegharimu dola 868,803. Njia ya vibonde ilihesabiwa dola 651,548, pungufu kwa asilimia 25. Lami ni chache, mabomba ni machache. Ila kuna gharama nyingine isiyoingia kirahisi katika jedwali, nayo ni muda wa kukaa na wakazi. Walikuwa wamezoea kuegesha magari popote kwenye kokoto mbele ya nyumba zao, sasa wanaombwa waache nafasi hiyo iwe bustani, kisha waipalilie. Mtaa huu ulifanikiwa kwa sababu wakazi walikubali. Mahali ambapo hawajakubali, vibonde hivyohivyo vingekuwa jalala ndani ya mwaka.

Baadaye jiji lilijenga mfumo mwingine si mbali na hapo, kwenye NW 110th Street, unaopokea maji ya zaidi ya hekta 8 kwenye mteremko mkali. Huko vibonde vilipangwa kama ngazi. Vilipunguza maji sana, lakini havikuyamaliza, na mengine yaliendelea kutoka. Tofauti inaeleweka: eneo linaloleta maji ni karibu mara 9 ya lile la 2nd Avenue. Anayetaka kunakili asilimia 98 bila kupima uwiano wa eneo linalomwaga na eneo linalopokea atajikuta anaeleza kwa nini bustani yake imegeuka mto. Uzoefu wa mitaa hii ndio uliobebwa hadi High Point, mtaa wa nyumba za umma uliojengwa upya upande wa magharibi wa jiji, hekta karibu 49 nzima zikichorwa kwa namna hii tangu karatasi ya kwanza.

Kuna jambo lililokuja kujulikana baadaye sana. Kwa miaka watu wa Seattle waliona samoni aina ya coho wakirudi kwenye vijito vya mjini, Pipers Creek kikiwamo, na kufa kabla ya kutaga, saa chache baada ya mvua. Mwaka 2020 watafiti wakatangaza chanzo: kemikali inayotokana na dawa iliyomo kwenye mpira wa matairi, inayosagika barabarani na kuoshwa na mvua. Majaribio ya kupitisha maji ya barabara kwenye udongo wenye mboji yalikuwa yameonyesha tayari kwamba samoni wakiwekwa kwenye maji yaliyochujwa hivyo hawafi. Waliochora vibonde mwaka 2000 hawakuijua kemikali hiyo kwa jina. Lakini maji yasiyofika kijitoni hayabebi sumu yoyote, iwe inajulikana au haijajulikana.

Kikiletwa Dar es Salaam

Sipendi kisa cha nje kinapoletwa nyumbani kama shati la mtu mwingine. Seattle hupata milimita 950 hivi kwa mwaka, zikigawanyika katika siku 150 au zaidi kidogo. Ni mvua ya rasharasha. Dar es Salaam hupata karibu milimita 1,100, na sehemu kubwa humwagika katika masika na vuli, mara nyingi milimita 40 ndani ya saa moja au mbili. Kibonde cha Seattle kina muda wa kunywa kati ya matone. Chetu hakina, kwa hiyo lazima kiwe na tumbo kubwa zaidi na njia ya salama ya kumwagikia.

Kuna mengine ambayo Seattle hawakuwa nayo. Mbu: maji yasikae zaidi ya siku mbili, maana kwa joto letu yai linakuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi. Vyoo vya shimo na makaro: usinyweshe ardhi maji karibu nayo, wala karibu na kisima. Msingi wa nyumba uachiwe angalau mita 3. Na taka, ambazo zikiingia kalavatini zinafuta hesabu yote.

Pamoja na hayo, chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, cha aina tunayoiona kila siku. Paa mita za mraba 180. Pevingi, au kabro kama wasemavyo Kenya, mita za mraba 250. Mvua ya milimita 40 juu ya sehemu hizo ngumu ni lita 17,200. Mwenye nyumba kwa kawaida huelekeza zote getini, zinatoka barabarani, zinaingia kwa jirani wa bondeni.

Sasa tazama bustani yake. Nimeziona nyingi mno zilizojengwa hivihivi: tuta limeinuliwa, limezungushiwa matofali mawili juu ya pevingi, udongo umejazwa hadi ukingoni. Mvua ikinyesha, bustani yenyewe inamwaga maji na tope juu ya pevingi. Kitu cha pekee kiwanjani ambacho kingeweza kunywa kimewekwa juu ya maji. Kichimbe kinyume. Bustani ya mita za mraba 60, sakafu yake ikiwa sentimita 15 chini ya pevingi, bila ukuta wa matofali, inapokea lita 9,000 kabla ya kujaa. Simtanki la lita 5,000 chini ya gata, likiwa tupu mvua inapoanza, linachukua sehemu yake. Zinabaki lita 3,200, bila kuhesabu mvua inayoangukia bustani yenyewe. Kwenye udongo wa kichanga unaonywa milimita 25 kwa saa, bustani hiyo inameza lita 1,500 kila saa, na mvua yenyewe haiji yote kwa mkupuo mmoja. Penye mfinyanzi hesabu hii haisimami; chimba shimo la futi moja, lijaze maji, kaa ulitazame na saa mkononi kabla ya kuchora chochote.

Mwaka jana fundi mmoja alinipigia simu kutoka kwenye kiwanja cha namna hiyo akiuliza kama nimekosea kuandika namba, kwa sababu mchoro ulionyesha bustani iko chini ya pevingi. Nikamwambia sijakosea, na nikamwomba ayapange yale matofali ya tuta kando ya ukuta wa fensi, mwenye nyumba atayatumia kwa kazi nyingine.